Shauri la Miti: Mbegu Hii Ilichumwa Wapi?



Wengi watakao kupanda misonobari huuliza neno moja tu: "Mti huu ni wa aina gani?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Yafaa kuuliza na la pili: "Mbegu yake ilichumwa wapi?" Kwani miti ya aina moja, ijapokuwa yafanana kwa majani na matunda, huweza kuwa na tabia mbalimbali kwa sababu ya nchi ya wazazi wake.

Tuutazame mti uitwao Sitka, wa jamii ya misonobari. Kwao ni pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, tangu Alaska mpaka California, mwendo wa maili 1,800 hivi. Mwaka 1831 David Douglas alipeleka mbegu zake Uingereza, na baadaye mabwana misitu wakapanda mbegu za kila upande bega kwa bega wapate kuzilinganisha. Miti ya Alaska hukua polepole, kwani huacha kukua mapema kabla ya baridi. Miti ya Oregon, iliyo kusini, hukua upesi, lakini huchelewa kuacha, hata sakitu huikuta ingali laini na kuua vilele vyake. Kwa hiyo mahali pengi walichagua mbegu za katikati, za visiwa vya Queen Charlotte, ambavyo tangu 2010 huitwa Haida Gwaii.

Tena liko jambo la ubao. Ukikata mti huo utaona duara za miaka. Sehemu ya mwanzo wa mwaka ni nyepesi. Ya mwisho ni nzito na ngumu. Sitka ukikua upesi mno, sehemu nyepesi huzidi, na ubao hupungua uzito na nguvu. Basi mti mnene si lazima utoe boriti njema. Haraka haraka haina baraka.

Sisi nasi yatuhusu, maana msonobari wa patula tuupandao milimani Kenya asili yake ni Mexico. Msichume mbegu chini ya mti wowote ulio karibu. Nunueni mahali panapojulikana, kama vile Taasisi ya Utafiti wa Misitu huko Muguga, na asili yake iandikwe. Mahindi mabaya hukupotezea msimu mmoja. Mti mbaya huenda ukakupotezea miaka 20 au zaidi, na hasara yake wakairithi watoto.