Wino Upo, Kwa Nini Tuandikie Mate? Fei Toto, Winga na Mkataba wa Kurasa Nane

Najua niliahidi kuandika habari za mitihani, lakini mitihani itasubiri. Jana usiku hapa Chukwani nimelala saa tisa, na wala si kwa sababu ya kudurusu (mama akipita hapa anisamehe).

Mambo yalianza hivi. Kiasi cha saa nne na nusu usiku, mwenzangu wa chumba akaingia na bahasha ya kaki. Jina lake silitaji, nitamwita Winga kwa kuwa ndiyo nafasi anayochezea. Yuko mwaka wa pili kama mie, na jioni anacheza timu moja ya ligi yetu hapa Unguja. Ana mbio huyo! Akakaa kitandani, akanitolea makaratasi, akasema, "Yakhe, wewe si ndiye unayesomea Kiingereza? Hebu nionyeshe natia saini wapi."

Sikilizeni vizuri. Hakuniuliza kimeandikwa nini. Kaniuliza pa kutia saini.

Ulikuwa mkataba wa klabu moja ya bara, kurasa nane, Kiingereza kitupu. Winga keshaambiwa na mtu aliyemletea kwamba ni wa mwaka mmoja, na kwamba chuo ataendelea nacho "hivyo hivyo". Nikamwambia twende mstari mmoja mmoja. Ukurasa wa pili tu tukakuta miaka mitatu. Ukurasa wa nne, klabu ikitaka inaongeza mwaka wa nne, yeye haulizwi. Ukurasa wa tano, atakaa kambini muda wote na hatafanya shughuli nyengine bila ya ruhusa ya maandishi. Shughuli nyengine ndiyo chuo hicho, jamani! Winga akanyamaza. Baadaye akasema, "Lakini hata Fei Toto alianzia hapa hapa."

Kweli. Na kwa kuwa kamtaja mwenyewe, leo nataka kusema yangu juu ya Fei Toto, maana naona hadithi yake tunaielezea kila siku kwenye baraza na tunaacha sehemu inayotuhusu.

Feisal Salum ni kijana wetu wa Unguja. Alikuwa JKU, mwaka 2018 akavuka bahari kwenda Yanga. Akawa kiungo wa kutegemewa, akaitwa Taifa Stars, mashabiki wakamwimba. Halafu Desemba 2022 ikaja ile habari ya kuwa Fei kaondoka. Alirudisha klabuni shilingi milioni 112: milioni 100 za usajili na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, akaamini kwamba kwa kufanya hivyo mkataba umekufa. Mkataba wenyewe ulikuwa unaishia 2024. Yanga wakakataa. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga.

Hapo ndipo ilipoanza miezi mibaya. Mchezaji yuko kwenye umri wake mzuri kabisa, hachezi. Timu yake inakwenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, inakutana na USM Alger ya Algeria, yeye yuko nje. Mama yake akasema yale maneno ya ugali na sukari, nchi nzima ikacheka. Mie sikucheka. Mwisho wake mnaujua: Juni 2023 Yanga walipoalikwa Ikulu baada ya fainali ile, Rais Samia Suluhu Hassan, naye Mzanzibari, akawaomba viongozi wa klabu wayamalize. Siku chache tu baadaye Fei akatangazwa Azam. Msimu wa 2023/24 akafunga mabao 19 ya ligi, akazidiwa na Aziz Ki peke yake aliyekuwa na 21. Kumbe miguu haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa karatasi.

Sasa kwenye maskani zetu watu wamegawanyika mafungu mawili. Wa kwanza wanasema Fei ni msaliti, kalelewa na Yanga kisha kawageuka. Wa pili wanasema Yanga walimwonea, kijana wa visiwani hana mtetezi. Mie nawakatalia wote wawili.

Kwa wale wa usaliti nina kisa kimoja. Muhula uliopita kwenye historia tulisoma Vita Baridi, na mwalimu akatutajia mchezaji wa hoki ya barafu, Mcheki aitwaye Václav Nedomanský. (Msicheke. Najua sisi barafu tunaijua ile ya kuwekea samaki.) Huyu bwana alikuwa nyota wa Chekoslovakia. Alipata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1968 na ya shaba 1972, na mwaka huo huo wa 1972 wakawa mabingwa wa dunia. Lakini hakuruhusiwa kwenda kucheza Amerika ya Kaskazini kwenye pesa. Mwili wake ni wake, mbio ni zake, ila ruhusa ni ya serikali. Mwaka 1974, ana miaka 30, akachukua familia yake kama anakwenda mapumziko Uswisi, na hakurudi. Akatokea Kanada, akachezea Toronto Toros. Kwao akahesabiwa msaliti. Mwaka 2019, mtu mzima wa miaka 75, akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Hoki kule Toronto. Leo nani anamwita msaliti?

Mwengine wa huko huko ni Jaromír Jágr, wa mji wa Kladno. Yeye alibahatika, ukuta ulikuwa ushaanguka. Mwaka 1990, ana miaka 18, akachaguliwa na Pittsburgh Penguins na akaenda kwa miguu yake, bila ya kutoroka mtu. Akachukua ubingwa mara mbili, 1991 na 1992, akazunguka timu chungu nzima. Kisha akarudi Kladno, klabu aliyotokea akaimiliki mwenyewe, na kuichezea akaichezea hata baada ya kutimiza miaka 50. Waliomwacha aende ndio waliompata amerudi. Kwa hivyo ule msemo wa "msahau kwao mtumwa" tusiwapige nao vijana kila wakibadilisha jezi. Kuondoka si kusahau. Shabiki anayekuita mwanawe leo hatakulipia kodi ya nyumba goti likivunjika kesho.

Lakini kwa wale wa "kaonewa" pia nina neno, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Nedomanský hakuwa na karatasi yoyote yenye mlango. Dola imefunga, basi imefunga, dawa yake ni kukimbia. Fei hakuwa hivyo. Yeye alikuwa na mkataba, na mkataba una mwanzo, una mwisho, una sababu zinazokubalika kuuvunja na zisizokubalika. Kurudisha pesa ulizopewa hakumo kwenye hizo sababu mpaka iwe mmeandikiana hivyo. Sisemi Fei hakuwa na haki ya kutaka zaidi. Alikuwa nayo kabisa. Nasema alitokea dirishani wakati nyumba ina mlango, na dirishani ndiko kulikomchubua. Na kilichomtoa mwisho wake kilikuwa nini? Neno la Rais. Sasa nyie wenzangu, nani kati yenu atakayeombewa na Rais? Winga ataombewa na nani?

Na sheria ziko wazi kuliko tunavyodhani. Kanuni za FIFA za wachezaji na uhamisho zinasema mkataba usizidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 usizidi mitatu. Klabu ikikaa miezi miwili bila ya kukulipa mshahara isivyo halali, unaiandikia barua, unaipa siku zisizopungua 15 ilipe, na isipolipa una sababu halali ya kuondoka. Ukibakiwa na miezi sita tu kwenye mkataba wako, unaruhusiwa kusaini na klabu nyengine. Hiyo ndiyo milango. Haifichwi na mtu, imeandikwa. Ila haikuandikwa kwa Kiswahili kwenye kurasa nane za Winga, na kijana anayeweza kumpita beki wawili kwenye nafasi ya mkeka hawezi kupita sentensi moja ya mwanasheria.

Sisi Wazanzibari tuna shida ya ziada. Machi 2017 tulifurahi hapa, CAF wametupokea kuwa mwanachama wa 55. Julai mwaka ule ule wakatutoa, wakasema nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. FIFA ndiyo kabisa hatumo. Kwa hivyo kijana wa hapa akitaka kujulikana lazima avuke, na anayejua kwamba lazima uvuke anajua pia kwamba utasaini chochote ili uvuke. Hapo ndipo mtu wa kati anapokula. "Saini tu, mengine tutazungumza." Mengine yapi, kama kila kitu kishaandikwa?

Nilichopendekeza kwa Winga ndicho ninachopendekeza kwa klabu zetu zote za Unguja na Pemba. Mchezaji asipewe kalamu mpaka asomewe mkataba kwa Kiswahili, mbele ya mtu wake: baba, mjomba, hata rafiki. Abaki na nakala yake. Na siku mbili za kufikiri asinyimwe. Haya hayahitaji uanachama wa FIFA wala pesa ya wafadhili. Chuoni hapa tumejaa tunaosomea ualimu, tunajua kufundisha watu wazima na watoto. Saa mbili kila Jumamosi na vijana wa timu za mitaani, tunafundisha kusoma mkataba kama tunavyofundisha kusoma shairi. Hilo linatushinda?

Sasa niseme ukweli wote, maana huu ukurasa si wa kujisifu. Winga hakunishukuru. Tulipofika ukurasa wa nane alikunja makaratasi, akaniambia, "Wewe una shahada utakayoitegemea. Mie nina miguu, na miguu ina miaka kumi. Wakinisubiri siku tatu watamchukua mwengine." Sikuwa na jibu zuri. Inawezekana kabisa kwamba kusoma kwangu kumemkosesha nafasi, na kama ni hivyo atanikumbuka kwa ubaya muda mrefu. Klabu ile inaweza kuwa nzuri, inaweza kulipa kila mwezi, na mwaka wa nne ukaja akiwa Taifa Stars. Sijui. Nilichokijua ni kwamba aliambiwa mwaka mmoja na karatasi ilisema mitatu, na mtu anayekudanganya kabla hujasaini ukishasaini atakufanyaje?

Asubuhi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu, viatu vya mpira havipo. Bahasha iko chini ya godoro, pembe moja imechomoza. Nimechungulia, naomba radhi. Pale pa kutia saini pako wazi bado. Pembeni ya ukurasa wa pili kachora duara kwa penseli kwenye tarakimu 3, na pembeni ya ukurasa wa tano kaandika kwa mkono wake, "CHUO?"

Mchana kanitumia ujumbe: je, namjua mtu yeyote anayesoma sheria? Mie simjui, lakini nyie mnajuana. Kama kuna mdau wa mwaka wa tatu au wa nne, au aliyekwishamaliza, mwenye saa moja ya bure kabla ya Jumatatu, anitafute. Kahawa na kashata juu yangu.