Soko la Spea: Bei ya Pedi Isitazamwe Bila Diski

Katika maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mnunuzi wa pedi za breki huuliza bei kwanza, kisha huikwaruza pedi kwa ukucha. Ikiwa ngumu huambiwa kuwa ni "ya kudumu", na biashara huishia hapo. Ushauri huo una walakini, na anayeulipia ni mwenye gari, si mwenye duka.

Pedi ni mchanganyiko. Nyuzinyuzi za chuma, kioo au aramidi huipa nguvu, resini ya fenoli huishikamanisha, na unga wa aina mbalimbali hujaza nafasi. Siri iko kwenye unga huo. Bariti ni ya kujazia tu, grafiti hulainisha, alumina hukwaruza ili breki ishike. Mtengenezaji akizidisha alumina, pedi hushika sawasawa na pengine yenyewe hudumu, lakini diski huliwa. Akizidisha grafiti, diski hupona ila gari huchelewa kusimama. Resini akiibania, pedi humomonyoka mapema.

Joto nalo lina neno lake. Gari lililosheheni likiteremka Kitonga huku dereva akikanyaga breki mfululizo badala ya kutumia gia, pedi zaweza kupita nyuzi joto 300. Hapo resini huanza kuungua, na breki hufifia wakati inapohitajika zaidi.

Pedi nyingi huchapwa herufi mbili. Ya kwanza huonyesha mshiko wa kawaida, ya pili mshiko zikiwa moto. F ni kati ya 0.35 na 0.45, E ni kati ya 0.25 na 0.35. Kwa hiyo FE hupungua nguvu joto likipanda, FF hubaki daraja lile lile. Lakini herufi hizo hazisemi lolote kuhusu kulika, wala kwa pedi wala kwa diski, na muuzaji anayezitaja kama dhamana ya kudumu anapotosha wateja. Afadhali alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R, ambayo maana yake ni kwamba pedi imepimwa kwa kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa.

Waagizaji wanaojua ubora wa mali yao wangeitangaza hivyo. Na fundi anayebadili pedi apime unene wa diski papo hapo. Kipimo cha chini kabisa kwa kawaida kimechapwa juu yake.