Fundi, Zima Waifai Kabla ya Kufomati

Laptopu inayoganda ovyo mjini Mombasa huandikiwa dawa moja tu: kufomati. Mwenye mashine huitia mkobani, hutoka mtaa wa Buxton akashuka hadi Digo Road, humkabidhi fundi, na jioni hurudishiwa mashine iliyofutwa kila kitu. Picha za familia hazipo. Kazi ya chuo haipo. Kwa siku chache mambo huwa shwari, kisha kishale husimama tena katikati ya kioo, sauti hukwama na kurudia mlio mmoja, kibodi haijibu, na hakuna la kufanya ila kubana kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike.

Mafundi wengi huvisingizia virusi, au huilaumu Windows. Wachache huitazama draiva ya waifai, yaani ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi ya mtandao iliyo ndani ya laptopu. Fundi akifuta kila kitu kisha akaipakia upya draiva ileile mbovu kutoka kwenye flashi yake, ugonjwa umerudi nyumbani pamoja na mashine. Mteja amelipa, amepoteza faili zake, na hakutibiwa. Hilo ni kosa la kazi, na wakati umefika lisemwe hivyo.

Programu ya kawaida ikikosea, huanguka peke yake: kivinjari kitafungika, mengine yataendelea. Draiva nyingi haziko hivyo. Hukaa katika keneli, kiini cha mfumo, zikiwa na ruhusa ya kugusa kumbukumbu na vifaa vyote. Moja ikikwama humo, mashine nzima hukwama nayo. Jambo hili halijaanza leo. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba kiwango cha makosa katika draiva za Linux kilifikia mara tatu hadi saba ya kile cha sehemu nyingine za keneli. Mwaka 2003 wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba asilimia 85 ya kuanguka kwa Windows XP kulikoripotiwa wakati huo kulitokana na draiva. Na Julai 19, 2024, sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike, ambayo programu yake ya ulinzi ina draiva ndani ya keneli, liliangusha kompyuta milioni 8.5 duniani kwa hesabu ya Microsoft. Viwanja vya ndege, benki na hospitali vilikwama siku hiyohiyo.

Kwa upande wa waifai, kisa kinachofaa kujulikana na kila fundi ni cha kadi ya Realtek RTL8821CE, kadi ya bei nafuu inayopatikana katika laptopu nyingi za bei ya chini na ya kati. Kadi za namna hii zina uwezo wa kulala. Mawasiliano yakipungua, njia inayoiunganisha kadi na ubao mkuu hupunguziwa umeme ili betri idumu; utaratibu huo huitwa ASPM. Mwaka 2021 draiva ya kadi hiyo upande wa Linux, iitwayo rtw88, ilibadilishwa ili ipokee data kwa mafungu badala ya kukishtua kichakataji kwa kila kifurushi kinachoingia. Lilikuwa badiliko la busara. Lakini mara laptopu nyingi za Intel zikaanza kuganda bila mpangilio wowote. Mwishoni mwa mwaka huohuo mhandisi wa Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, alitoa maelezo: inaelekea kadi haikuwa ikiamka mpaka ishtuliwe, na kwa kuwa sasa mshtuo ulikuwa umezimwa wakati wa kupokea mafungu, njia ilibaki usingizini huku data ikimiminika. Kiraka alichokiandika kilikuwa kifupi, nacho kiliizuia kadi kulala wakati inapokea data. Ndani ya msimbo wa draiva hiyo kuna hata orodha ya mashine ambazo usingizi huo huzimwa moja kwa moja, na HP 250 G7 imo.

Mwenye mashine kama hiyo angeifomati mara kumi asipone. Aliyejua angeongeza mstari mmoja katika mipangilio ya Linux, ule wa kuweka disable_aspm katika moduli ya rtw88_pci, akaendelea na kazi yake.

Buxton ni mahali pa kulitazama jambo hili kwa makini. Palipokuwa na nyumba za zamani za baraza la mji sasa pamesimama maghorofa ya Buxton Point, familia juu ya familia, na nyingi zina ruta zao. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Hewa ikijaa ruta kiasi hicho, kadi hurudia kutuma, hutafuta mtandao upya, hulala na kuamka. Draiva iliyo imara huvumilia. Iliyo na kasoro, kasoro yake hupata nafasi nyingi zaidi za kujitokeza. Ndiyo maana mashine inaweza kutulia dukani kwa fundi, penye mtandao mmoja, ikaganda usiku uleule nyumbani.

Na wanaoumia si watu wa kucheza michezo. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kiko hapo karibu, Tudor, na wanafunzi wake huandika miradi kwenye mashine hizihizi. Kuna vijana wanaoishi kwa kazi za mtandaoni, zile ambazo mpango wa serikali wa Ajira Digital umekuwa ukizihimiza. Kuna anayesubiri hadi Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya kodi kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), na ukurasa ukaganda mkononi.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wateja huyachanganya. Mtandao kuwa mzito ni jambo moja, mashine kuganda ni jingine. Mombasa ndiko nyaya za chini ya bahari zinakotua, SEACOM na TEAMS tangu 2009. Mnamo Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na bandari. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kuelekea Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikahisi. Siku kama hizo kurasa hazifunguki, lakini kishale hutembea na barua huandikika. Kishale kikisimama, tatizo liko ndani ya laptopu.

Ndani humo pia kuna washukiwa zaidi ya mmoja, na fundi mwaminifu hatakimbilia draiva kama wengine wanavyokimbilia virusi. Joto la Mombasa na vumbi lililoziba feni huzimisha mashine au huipunguza kasi, hasa inapofanya kazi nzito. Diski inayokufa husitasita, hupoteza faili, wakati mwingine hugonga. Kumbukumbu (RAM) mbovu huangusha mashine hata ikiwa haina mtandao kabisa. Kuganda kwa draiva ya waifai kuna tabia yake: huja wakati wa kupakua faili au simu ya video, au pale mashine inapoamshwa baada ya kufunikwa.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Zima waifai, unganisha simu kwa waya wa USB ili itoe intaneti, kisha fanya kazi kama kawaida kwa siku nzima. Kama mashine iliyokuwa ikiganda kila saa imetulia, mshukiwa amepatikana kabla ya faili hata moja kuguswa. Baada ya hapo ndipo kumbukumbu za mfumo husomwa: Event Viewer kwa Windows, na kwa Linux amri ya journalctl -b -1, inayoonyesha yaliyoandikwa kabla ya mashine kuzimwa. Katika Device Manager, jina kamili la kadi huandikwa, na draiva hutafutwa kwenye tovuti ya aliyeitengeneza laptopu, kwa namba ya modeli. Zile flashi zenye draiva elfu moja za kila mashine ni chanzo cha maradhi haya, na fundi anayezitegemea anabahatisha.

Sasisho jipya halitibu kila wakati. Desemba 2023 sasisho la Windows 11 liliharibu waifai katika baadhi ya vyuo vikuu, na Microsoft ikalazimika kulirudisha nyuma badiliko hilo. Kwa hiyo kama mashine ilianza kuganda baada ya sasisho, kitufe cha kurudi kwenye draiva ya awali kipo palepale Device Manager. Vilevile, katika sehemu ya umeme ya kadi, kama ipo, huondolewa alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa betri. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tangu Windows 8, kuzima mashine yenye kipengele cha kuwaka haraka hakuzimi kila kitu, keneli na draiva zake huhifadhiwa na kurudishwa zilivyokuwa. Anayetaka draiva ianze upya achague kuanzisha upya, asizime na kuwasha.

Yote yakishindwa, kadi yenyewe hubadilishwa. Ni kipande kidogo, na kwenye laptopu nyingi hufunguliwa kwa skrubu moja. Baadhi ya mashine za zamani za HP na Lenovo hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao. Hizo hutumia kifaa cha waifai cha kuchomeka kwenye USB.

Haya yatazidi kuwa ya lazima. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na laptopu zilizotumika Ulaya zinazouzwa kwa wingi, mfano EliteBook 840 G3, hazimo katika orodha ya Windows 11. Wauzaji wengine huzilazimisha kuipokea, wengine huzihamishia Linux. Njia zote mbili zinaweza kuikutanisha kadi ya zamani na mfumo ambao haukuandaliwa kwa ajili yake. Anayeiuza mashine hiyo bila kuijaribu waifai yake kwa saa kadhaa anamuuzia mteja tatizo, na kila inayotupwa kwa sababu ya draiva inaongeza taka za kielektroniki, ambazo duniani zilifikia tani milioni 62 mwaka 2022.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kunufaika nazo. Kufomati bila kupima hakutimizi hata moja kati ya hizo. Muuzaji aandike jina la kadi ya waifai kwenye risiti. Chuo cha Tudor kiwafundishe wanafunzi wake kusoma kumbukumbu za mfumo mapema, kwa sababu wengi wao ndio mafundi wa kesho wa mji huu. Na wewe mwenye mashine, kabla hujaiacha mezani kwa fundi, muulize amepima nini, na usimruhusu afute chochote mpaka akujibu.