Diski za baba na chombo cha dola 400



Baba yetu alituachia diski 38 za muziki, kati yao «Indépendance Cha Cha», wimbo ambao Grand Kallé na African Jazz waliimba kule Bruxelles mwaka 1960. Mama anazitunza ndani ya kabati, chumbani mwake. Mwezi uliopita kaka yetu mkubwa alikuja na shauri: tuziuze kwa mtu anayezunguka akinunua diski za zamani, tuongeze feza ya zamu ya mama ya likelemba, tununue chombo cha kidijitali cha kupigia muziki. Bei yake dola 400.

Nikamwambia: «Yaya, hiyo ni minervali ya watoto wangapi?» Akajibu kwamba sauti ya chombo hicho inapita zote. Basi tukajaribu.

Alikopa cha rafiki yake. Tukapiga wimbo ule mmoja mara tatu, kwa bafle moja na kwa nguvu sawa: diski, chombo kile, na telefone yangu. Watoto walipiga wakiwa nyuma ya pazia. Diski tuliitambua sote mara moja, kwa sababu inakwaruza. Lakini kati ya chombo na telefone hakuna aliyeweza kutofautisha. Kaka mwenyewe alisifu telefone akizani ni chombo chake.

Sababu ni hii. Katika diski, sindano inafuata mfereji mwembamba na kutetemeka, na mtetemo ule ndio sauti. Katika dijitali, sauti inapimwa na kuandikwa kwa namba. Kwenye CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, inapimwa mara 44,100 kila sekunde. Sikio la mtu linasikia mitetemo hadi karibu 20,000 kwa sekunde, na uzee unaipunguza. Vipimo vikipita mara mbili ya hiyo, vinatosha. Chombo kinachojivunia vipimo 192,000 kinakuuzia namba ambazo sikio halizipati. Ukiwa na feza ya ziada, nunua bafle nzuri. Hiyo utaisikia.

Je, diski ni bora? Kwa usafi wa sauti, hapana. Vumbi linaiharibu, na sindano iliyochakaa inakula mfereji. Lakini kuna nyimbo za zamani ambazo hakuna aliyezinakili. Ukiuza diski, pengine wimbo hautaupata tena.

Mama alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akamwambia kaka: «Mwanangu, pale inapokwaruza ni pale wewe uliangusha sindano ukiwa na miaka minne. Baba yako alicheka tu.» Kaka hakusema tena juu ya kuuza.

Tumepatana hivi. Diski zinakaa zikisimama wima, hazilazwi moja juu ya nyingine, na jua lisizifikie maana zinapinda. Sindano tumebadilisha. Kila siku ya posho, umeme ukiwepo, tunaunganisha mashine ya diski na ordinatere ya jirani kwa waya, tunanakili mbili au tatu, na kuweka kopi mahali pawili. Likelemba ya mama imelipa shule ya wajukuu.

Mama mwenye diski nyumbani, usiuze kabla hujanakili. Na ukiambiwa kuna sauti bora zaidi, funga macho kwanza, usikilize.

Tukutane juma lijalo.