Chuki Isiyo ya Kale

Imani kwamba Wahutu na Watutsi wamechukiana tangu enzi za mababu, na kwamba mauaji ya kimbari ya 1994 yalikuwa mlipuko tu wa chuki hiyo, haiwezi kusimama mbele ya historia ya Rwanda yenyewe, ingawa hurudiwa hata na wasomi. Makundi hayo yalizungumza Kinyarwanda kimoja, yalimwamini Mungu mmoja aitwaye Imana, na koo kama Abasinga na Abazigaba zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa, kundi la tatu la nchi hiyo, kwa pamoja.

Haifai, hata hivyo, kukimbilia upande wa pili na kudai kwamba kabla ya Wazungu palikuwa na udugu mtupu. Mwami Rwabugiri, yaani mfalme aliyetawala hadi 1895, alipopanua mamlaka yake, ulienea uburetwa, kazi ya shuruti isiyo na ujira, ambayo iliwaelemea wakulima Wahutu huku wafugaji Watutsi, hata walio maskini, wakisamehewa. Hapo ndipo majina hayo mawili yalipoanza kuuma. Lakini huo ulikuwa mgogoro wa mtawala na mtawaliwa, wala haukuwa wa damu.

Waliougeuza kuwa wa damu ni wakoloni. Wakifuata dhana ya Kihamiti, ambayo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliieneza katika kitabu chake cha 1863 akidai kwamba watawala wa Maziwa Makuu walitokana na wageni kutoka Uhabeshi, Wabelgiji waliwaondoa machifu Wahutu, wakawapa Watutsi karibu nafasi zote za uongozi, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho, mtoto akirithi la baba yake. Ilipofika 1959, Wabelgiji haohao waligeuka wakawaunga mkono viongozi wa Kihutu.

Wala lawama haikomei Brussels. Serikali za Kayibanda na Habyarimana, marais wa Kihutu walioongoza baada ya uhuru, zilikuwa na miaka zaidi ya 30 ya kufuta kabila kwenye kitambulisho, zikaliacha, zikagawa hata nafasi za shule na kazi kwa kulitazama, na mwaka 1994 wauaji wakakidai kitambulisho hichohicho kwenye vizuizi vya barabarani ili wajue wa kumuua. Wakati huo huko New York, masimulizi ya makabila yanayochinjana tangu zamani yaliwafaa sana waliotaka kujitoa Rwanda, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda hadi watu 270.