Risasi Imepita Wapi?

Zoezi la istilahi tulilopewa muhula huu lilikuwa la ajabu kidogo kwa mji kama Bunia. Kundi letu lilitakiwa kutafsiri kutoka Kifaransa maelezo ya mchezo wa kulenga shabaha ya mbali kwa bunduki ya upepo: mpigaji anajuaje kwamba amekosa, na anarekebishaje pigo linalofuata. Wenzangu wawili walinung'unika. Katika jimbo ambalo liliwekwa chini ya état de siège tangu Mei 2021, nani ana hamu ya kukaa darasani akitafuta majina ya sehemu za bunduki? Nawaelewa kabisa. Hata hivyo naona zoezi lile limefichua jambo kuhusu namna tunavyotunga istilahi katika kitivo hiki, na zaidi kuhusu namna kazi zetu zinavyosahihishwa.

Kwanza mchezo wenyewe. Wengi wanaujua ule wa Olimpiki, ulioanza kuchezwa Los Angeles mwaka 1984: mita 10, risasi ya milimita 4.5, na katikati ya shabaha kitone cha nusu milimita. (Kwa bunduki hii neno letu limerudi nyumbani, maana risasi asili yake ni jina la madini, na vidonge hivi kwa kawaida ni vya madini hayohayo.) Kwenye mita 10 pigo halina siri. Lakini wako wanaopiga mita 50, 70, hata 100. Kidonge chepesi namna hiyo kikifika mita 100 kimeshashuka zaidi ya nusu mita kutoka mstari wa mtutu, na upepo mdogo wa pembeni unaotikisa majani tu unatosha kukisukuma nje ya shabaha. Tundu lake halionekani kwa macho. Kwa hiyo mpigaji huwa na mwenzake aliyekaa kando na darubini, ambaye kazi yake yote ni kutazama: vumbi limeruka wapi, majani yanalala upande gani, mvuke wa joto juu ya ardhi unakwenda wapi. Kisha anasema. Mpigaji anasikia, anasogeza lengo lake, anapiga tena.

Kundi letu lilifanya kile ambacho makundi yote hufanya. Tulichora safu mbili, Kifaransa huku na Kiswahili huku, tukaanza kuwinda nomino. Huyu mwenzake wa mpigaji aitweje? Mmoja akasema mwangalizi, mwingine akataka spota, kama ilivyo golikipa na refa. Baada ya saa mbili tulikuwa na nomino ishirini na kitu, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kuzitumia kumsaidia mpigaji kupata shabaha yake.

Chukueni neno moja tu: kushoto. Mwenye darubini anapotamka "kushoto!" anasema nini? Kwamba risasi imeangukia kushoto, au kwamba mpigaji asogee kushoto? Moja ni taarifa, nyingine ni amri, nazo zinampeleka mpigaji pande mbili zilizo kinyume. Akielewa vibaya, pigo la pili litakosa mara mbili ya la kwanza. Orodha ya nomino haiwezi kuponya utata huo, wala kielezi peke yake hakiwezi. Kitenzi ndicho kinachouponya, tena kwa silabi moja. "Imepita kushoto": hiyo i- ni ya risasi, ngeli ya tisa, haiwezi kuwa ya mtu. "Sogea kushoto": hapo hakuna kiambishi cha nafsi, ni amri, na anayeamriwa yuko mbele yako. Lugha yetu ina vifaa vya kutenganisha kilichotokea na kinachotakiwa kutendwa, na vifaa hivyo viko ndani ya kitenzi. Sisi tunaosoma viambishi kwa miaka mitatu tunaviacha mlangoni tunapoingia kutunga istilahi. Mtoto wa Bunia hafanyi hivyo. Msimu wa maembe, mmoja akirusha jiwe kwa manati, wa pembeni yake humwambia limepita juu, shusha kidogo. Taarifa kwanza, amri baadaye. Hajapewa safu mbili za kujaza.

Halafu kuna kitenzi kikuu cha mchezo wote, kukosa. Kifaransa kilitupa maneno mawili, moja la kutopata shabaha na jingine la kufanya vibaya. Kiswahili kinayaweka pamoja na kuongeza la tatu: aliyekosa shabaha, aliyekosa adabu na aliyekosa chakula wote wanatumia mzizi mmoja. Tazameni sasa umbo la kukosoa. Funga hutoa fungua, ziba hutoa zibua, choma hutoa chomoa, na kosa, kwa kufuata irabu ya mzizi wake, hutoa kosoa. Ni kauli ya kutendua. Kwa umbo lake, kukosoa ni kulifungua kosa lililofungika, kulichomoa pale lilipochomwa. Kwa hiyo pendekezo langu kwa kundi lilikuwa kwamba yule mwenye darubini aitwe mkosoaji. Walicheka, kwa sababu kwetu mkosoaji ni mtu wa kuogopwa, mwenye kalamu nyekundu. Lakini huyu wa uwanjani amelala kifudifudi kwenye nyasi zilezile alizolalia mpigaji, anatazama shabaha ileile, na anaulizwa swali moja tu: imepita wapi?

Hapo ndipo ninapogeukia kazi zetu. Sote tumepokea karatasi zilizorudi na maneno pembeni: "Sarufi!" "Mtindo!" "Kosa!" Ni nomino tupu, na alama ya mshangao inayopaza sauti bila kuongeza habari. Mwanafunzi anajua amekosa. Hajui kama amepita juu au chini, kwa kipimo gani, wala kama anaambiwa kilichotokea au anaamriwa afanye kitu. Naye hufanya kile ambacho mpigaji asiye na mkosoaji hufanya: anabahatisha. Anabadilisha sentensi nzima, anaharibu iliyokuwa nzuri, na karatasi ya pili inarudi nyekundu kuliko ya kwanza. Nimewaona wenzangu wawili wakiacha TFC zao katikati, na sababu haikuwa uvivu.

Wapigaji wana kanuni nyingine ambayo ningependa kuiona katika kitivo. Mkosoaji mzuri hafuati kila pigo. Anangoja matatu, manne, matano, kisha anatazama matundu yalivyokaa. Yakitawanyika huku na huku, darubini ya bunduki haina lawama. Mpigaji amechoka, au pumzi na kidole chake havijatulia. Yakikusanyika mahali pamoja lakini mbali na katikati, mkono wa mpigaji ni mzima kabisa, na kinachohitaji kusogezwa ni kipimo. Wanaisimu tunaijua tofauti hii kwa jina jingine. S. P. Corder aliiandika mwaka 1967 alipotenganisha mteleko wa bahati mbaya na kosa lenye utaratibu, lile linaloonyesha kwamba mjifunzaji ana kanuni kichwani. Tunaifundishwa mwaka wa kwanza, tunaijibu kwenye mtihani, na mtihani huohuo unasahihishwa kana kwamba haipo.

Na kuna hali ya tatu, ambayo hapa Bunia ina uzito wa pekee. Mwanafunzi anayeandika batoto, kisha batu, kisha babibi, ukurasa mzima bila kuteleza hata mara moja, matundu yake yamekusanyika sana. Yamekusanyika kiasi kwamba huwezi kusema amekosa. Amepata, ila shabaha nyingine: Kiswahili kinachosemwa sokoni, kanisani na nyumbani kwao, ambacho kiambishi chake cha ngeli ya pili ni ba-. Ukimwandikia "Kosa!" umesema uongo wa kitaaluma. Ukimwandikia "hapa umelenga Kiswahili cha Bunia, kazi hii inadai kile sanifu, tumia wa-", umemwambia risasi imepita wapi na asogee upande gani, na hukumtukana mama yake aliyemfundisha kusema. Sidai kwamba ba- iingizwe kwenye kazi za kitaaluma. Nadai tu kwamba anayesahihisha aseme kuna shabaha mbili.

Najua jibu la walimu wetu. Mkosoaji wa uwanjani ana mpigaji mmoja. Profesa ana marundo ya karatasi mezani, mshahara unaochelewa, na umeme unaokatika. Ni kweli, na sitaki kuiruka. Lakini ushauri wa wapigaji unapunguza kazi, hauiongezi: usifuate kila pigo. Badala ya duara arobaini nyekundu, chagua kosa moja lenye utaratibu, liandikie sentensi moja yenye kitenzi, yaache mengine. Na sisi wanafunzi tunaweza kulala kifudifudi kando ya wenzetu kabla karatasi haijafika kwa mwalimu. Kundi letu limeanza. Kila Alhamisi tunabadilishana kurasa mbili mbili, na sharti ni kwamba pembeni hairuhusiwi nomino bila kitenzi.

Orodha yetu ya istilahi bado ina mapengo. Mkosoaji alikubaliwa kwa kura tatu dhidi ya mbili. Hatujapata neno la kulenga pembeni kwa makusudi ili upepo uirudishe risasi katikati. Kiswahili sanifu hakikutupa kitu cha kuridhisha, na tunashuku kwamba wawindaji Waefe, ambao hupiga nyani kwa mishale kwenye matawi ya juu ya msitu wa Ituri, wana jambo la kutufundisha hapo. Mwenye jamaa wa upande wa Mambasa atusaidie kuuliza.