Dirisha la Hewa na Sitara



Familia moja ya kisiwani Takawiri, katika Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay, imetuletea suala. Wanajenga nyumba. Mume ataka madirisha makubwa yaelekee ufuoni, nyumba ipate upepo. Mke achelea macho ya wapitao, kwani aujua mwisho wake: pazia litashushwa tangu asubuhi hadi jioni, naye atabaki na joto na moshi wa jiko.

Wote wawili wamesema kweli. Hewa safi ni afya, na sitara ni haki. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba za wenzetu, na jicho likitangulia, idhini haina maana tena. Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmani ulioanza kutolewa mwaka 1869, inahesabu katika kifungu cha 1202 kwamba kuonekana kwa mahali pa wanawake, kama jikoni, kisimani na uani, ni madhara makubwa yapasayo kuondolewa. Kifungu kinachofuata chaeleza kuwa dirisha lililo juu ya kimo cha mtu, jirani hana haki ya kudai lizibwe.

Hapo ndipo penye jibu. Upande wa njia na wa jirani, wekeni dirisha pana lakini fupi, lianzie juu ya kimo cha mtu, nalo liwe la bawaba za juu, lisukumwalo nje kwa chini. Kioo chake huwa kama upenu mdogo: mvua ya kawaida humwagika nje, hewa ikaendelea kuingia. Ukuta wa pili nao uwe na dirisha, maana upepo usio na pa kutokea hauingii. Jikoni litafaa zaidi, kwa kuwa moshi hupanda.

Kabla ya kumlipa fundi, kumbukeni kwamba dirisha hili hufunguka nje, hivyo nondo na wavu wa mbu hukaa ndani. Wavu uwe na fremu ya kufunguka, mkono ufikie komeo. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya, na mbu hupenya pia katika uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Nao uzibwe kwa wavu. Chuma cha kulishikilia dirisha kiwe imara, upepo usilipigepige. Na chumba cha kulala kisitegemee dirisha hili peke yake: pawe na njia nyingine ya kutokea moto ukizuka.

Mwisho, mume asimame na mkewe ndani ya kuta hizo kabla matundu ya madirisha hayajapimwa, amsikilize yeye atakayeshinda humo. Qurani imetaja wazazi kuridhiana na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto kunyonya (Al-Baqara, 233). Nyumba ya umri mzima yastahiki mashauriano yasiyopungua hayo.

Wabillahi tawfiq.